Seva Ndogo kwa Kikundi Kidogo: Maswali Kuhusu Kuendesha Mtandao Wenu wa Kijamii

Kwa nini kikundi cha Ngokolo, Shinyanga, kihangaike na seva yake?

Kwa sababu kumbukumbu za kikundi chenu leo ziko mikononi mwa wengine. Kwaya, VICOBA, wachimbaji wadogo wanaokwenda Kahama na Geita na kurudi: karibu wote wanaishi ndani ya WhatsApp na Facebook. Akaunti ikifungwa, picha na taarifa za miaka mingi zinaondoka nayo. Tarehe 20 Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na aliyekuwa na wasomaji wake huko tu alipotezana nao siku hiyohiyo.

Wala si jambo geni kwa kanda hii watu kujiendeshea mawasiliano. Sengerema, kwenye njia ya kutoka Mwanza kwenda Geita, walikuwa na kituo cha mawasiliano cha jamii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, chenye kompyuta, intaneti na redio, enzi ambazo simu ya mkononi ilikuwa ya wachache.

Mtandao uliogatuliwa unafanyaje kazi?

Hauna mwenye mali mmoja. Kuna maelfu ya seva, kila moja na msimamizi wake, zote zikifuata utaratibu uitwao ActivityPub, uliopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Januari 2018. Mwenye laini ya Vodacom humpigia mwenye Airtel bila kuhama mtandao. Hapa pia, aliye kwenye seva ya Ngokolo humfuata na kumjibu aliye kwenye seva ya Berlin.

Si tuweke Mastodon tu, inayojulikana?

Kwa watu ishirini au thelathini, nasema hapana. Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko wa Ujerumani mwaka 2016, ni programu nzuri, lakini ilitengenezwa kubeba watu wengi. Inahitaji hifadhidata ya PostgreSQL, Redis, Sidekiq ya kupanga foleni ya kazi, na vipande vingine, vyote vikiwa macho usiku na mchana. Kwa RAM iliyo chini ya GB 2 mtateseka, na kila toleo jipya linamtaka fundi anayeijua vizuri. Kikundi kikifika mamia na kikawa na fundi wa kudumu, hapo iangalieni tena.

Basi nyepesi ni ipi?

Kwa kikundi, chaguo langu ni GoToSocial. Ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ikaanza kutolewa mwaka 2021. Inakuja kama faili moja la kuendesha pamoja na mafaili machache ya kurasa, na inaweza kutumia SQLite, ambayo hifadhidata yake nzima ni faili moja. Watengenezaji wake wanasema kwa kawaida hutumia RAM ya MB 250 hadi 350, kwa hiyo kompyuta yenye GB 1 inatosha kuanzia. Haina ukurasa wake wa kuandikia. Mwanachama anatumia programu ya simu kama Tusky, au Phanpy kwenye kivinjari, kwa sababu GoToSocial inaelewana na programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Mastodon. Wageni wengi hudhani seva imeharibika wasipouona ukurasa huo, basi waelezeni mapema.

Picha ndizo hujaza diski. Kila mnayemfuata, picha zake zinashuka hadi kwenye seva yenu, na bando linaliwa. GoToSocial hufuta nakala za picha za nje baada ya siku 7, isipokuwa mkibadilisha mpangilio huo. Msiubadilishe.

Anayetaka seva ya peke yake aangalie snac, iliyoandikwa kwa lugha ya C, isiyohitaji hifadhidata kabisa: kila kitu ni mafaili ya kawaida. Pleroma na ndugu yake Akkoma ni nyepesi kuliko Mastodon, ila zinadai PostgreSQL.

Iwekwe nyumbani au tukodi?

Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4 inaimudu GoToSocial na inakula wati chache tu, hata sola ndogo yenye betri inaibeba. Iwekeeni SSD, maana kadi ya kumbukumbu huchoka haraka kwa kuandikwa kila dakika. Ugumu uko kwenye laini. Intaneti ya simu mara nyingi haikupi anwani ya IP ya umma. Wateja wengi wanashirikishwa anwani moja, na seva za nje hazina njia ya kukufikia. Muulizeni mtoa huduma kabla ya kununua chochote. Akisema haipo, kodini seva ndogo ya mtandaoni.

Umeme ukikatika kwa saa chache, msihofu. Seva za nje hujaribu tena kuleta ujumbe. Zile za Mastodon huihesabu seva kuwa haipatikani baada ya siku 7 za kushindwa kuifikia.

Jina la kikoa tunaweza kulibadilisha baadaye?

Hapana, na hapa ndipo pa kutuliza akili kabla ya kuanza. Jina lenu, liwe la or.tz au jingine, linafungwa ndani ya kila akaunti na kila andiko. Mkilibadilisha, wafuasi wanapotea. Vivyo hivyo mkiiondoa GoToSocial na kuweka programu nyingine juu ya jina lilelile: funguo za utambulisho hazitalingana, na seva za nje zitawakataa.

Sheria je?

Kuna Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, zilizorekebishwa 2022. Anayechapisha habari na matukio huhitaji leseni, basi waelezeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mnachokusudia na muwaulize kama leseni hiyo inawahusu; ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, inamgusa kila anayetunza taarifa za watu. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya matapeli, fungeni usajili wa wazi: msimamizi amwingize anayemjua.

Intaneti ikizimwa kama ilivyozimwa nchini 29 Oktoba 2025, seva yetu itatuokoa?

Haitawaokoa. Ikiwa mtaani kwenu, walio kwenye Wi-Fi ileile wanaweza kuendelea kuandikiana endapo fundi aliipanga ruta mapema. Nje ya hapo hakuna kinachotoka.

Nani ataitunza?

Watu wawili, kamwe si mmoja. Kijana mwenye nenosiri akipata kazi Geita na kuondoka nalo, kikundi kimekwama. Wawili hao wachukue nakala rudufu ya hifadhidata na ya picha za wanachama kila wiki, waiweke nje ya chumba chenye seva, na mara kwa mara wairudishe kwenye kompyuta nyingine isiyounganishwa na intaneti, waone kama inafunguka.