Filamu za Viumbe Hai: Mbinu Tano za Kuzitumia Ukiwa Gasenyi

Jicho la binadamu lina mipaka. Kinachokwenda polepole mno halikioni, kinachokwenda mbio mno kinalipita, na gizani au chini ya maji halifiki mbali. Filamu nzuri ya viumbe hai huivuka mipaka hiyo yote. Lakini mtu akiitazama, akaizima na kwenda kulala, faida kubwa imempotea. Mbinu hizi ni za mzazi, mwalimu au kijana wa Gasenyi anayetaka filamu imfungulie macho kwa viumbe anaoishi nao hapa Bujumbura.

1. Anza na viumbe wa kwetu

Dubu wa barafuni wanaweza kungoja. Tafuta kwanza filamu Jane ya mwaka 2017, iliyotokana na picha alizopiga Hugo van Lawick miaka ya 1960 huko Gombe, Kigoma, kwenye ufukwe wa Tanganyika hiihii yetu. Utamwona sokwe mtu akichomeka kijiti kwenye kichuguu na kutoa mchwa wa kula. Kisha tafuta The Queen of Trees ya mwaka 2005, ya Mark Deeble na Victoria Stone. Wawili hao walikaa na mkuyu mmoja nchini Kenya, wakaonyesha jinsi nyigu mdogo sana anavyoingia ndani ya tunda kuuchavusha, na jinsi mti na mdudu wasivyoweza kuzaa bila kutegemeana. Ukishaiona, chuma tunda la mti wowote wa jamii hiyo, umuvumu kwa mfano, linapoanza kuiva. Lipasue polepole juu ya karatasi nyeupe, uangalie waliomo.

Pakua filamu mapema, wakati umeme upo na intaneti inakwenda vizuri. Umeme ukikatika, simu yenye chaji inatosha watu watatu au wanne.

2. Rudia kutazama, mara ya pili bila sauti

Mpiga picha mara nyingi husimama mbali na mnyama, kwa hiyo sauti nyingi za nyayo, mabawa na kutafuna huongezwa baadaye studioni. Muziki nao hukuamulia nani wa kuogopwa na nani wa kuhurumiwa. Chagua dakika tano, funga sauti, na ujiulize: mnyama anafanya nini hasa? Masikio yanaelekea wapi? Nani anamwangalia nani? Watoto hulipenda zoezi hili, kwa sababu kila mmoja huona jambo ambalo mwenzake hakuliona.

3. Tenga ulichoona na ulichoambiwa

Bujumbura ina mfano mzuri kuliko miji mingi. Mwaka 2004 filamu Capturing the Killer Croc ilimfuata Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi, alipojaribu kumnasa Gustave, mamba wa Rusizi. Kiliundwa kizimba kikubwa cha chuma, kikawekwa chambo na kamera ya kuona gizani. Gustave hakunaswa. Kwa hiyo urefu wake, unaotajwa kuzidi mita 6, ni makadirio ya macho, na idadi ya watu 300 anaodaiwa kuwaua ni masimulizi.

Gawa ukurasa wa daftari mara mbili. Upande mmoja andika yale kamera iliyoyaonyesha, na upande wa pili yale msimulizi aliyoyasema. Hofu ya wavuvi na misiba ya familia za ufukweni ni ya kweli, na inastahili heshima. Kwa sababu hiyohiyo, mnyama huyo naye anastahili kuelezwa kwa ukweli.

4. Badilisha kasi kwa simu yako

Simu nyingi za leo zina uwezo uliokuwa wa studio zamani. Kwenye baadhi ya simu zenye lugha ya Kifaransa utaona Accéléré na Ralenti.

Kwa kuharakisha, chukua mche wa maharage ya kupanda ambao bado haujafikia mti wake. Tegemeza simu isitikisike, ipige picha moja kila sekunde 10. Kwa saa mbili utapata picha 720. Zikionyeshwa 25 kwa sekunde, ni video ya takriban sekunde 29. Ndani yake utaiona ncha ya mche ikizunguka hewani, ikitafuta pa kushika. Duara moja huichukua karibu saa mbili, na ndiyo maana hujawahi kuliona shambani.

Kwa kupunguza kasi, mtafute kereng'ende kwenye maji yaliyotuama. Simu inayopiga picha 240 kwa sekunde itakuonyesha kwamba mabawa ya mbele na ya nyuma hayapigi kwa pamoja.

5. Ulizia yaliyomo ziwani

Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, na samaki wake wengi hawapatikani popote pengine duniani. Dume la Lamprologus callipterus hukusanya makombe matupu ya konokono ili majike watage ndani yake. Perissodus microlepis hula magamba ya samaki wenzake. Mwaka 1993 Mjapani Michio Hori alieleza kwamba wako wenye mdomo uliopindia kushoto na wenye mdomo uliopindia kulia, kila kundi likishambulia ubavu mmoja tu wa samaki linayemvamia. Tafuta video za samaki hawa, kisha nenda nazo kwa wavuvi, uwaonyeshe wazee na kuwauliza wao wanajua nini. Nenda mchana na ukae mbali na maji: mamba wapo, na viboko hutoka kula majani usiku.

Elimu hii ina kazi. Ziwa ni moja kwa Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Tanzania ilipofunga uvuvi kwenye ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, uamuzi huo uligusa riziki za watu wengi. Anayejua yanayotendeka chini ya maji anaweza kumweleza jirani yake sababu ya kungoja, hata ndagala zinapoadimika sokoni. Basi wiki hii chagua filamu moja, waite watoto na majirani, mweke daftari tayari, na kabla ya kuachana mpange ni kiumbe gani mtakwenda kumtafuta kesho yake.