Mikono Iliyolemewa Kilimani

Somo: Kutoka 17:8–13

Somo la mwezi huu ni la wote, lakini hasa ni la walimu na wazee wa sharika, kwa kuwa lahusu kupanda mlima pamoja na rafiki, na mambo yampatayo yule ambaye miguu yake imeshindwa.

1. Kilima cha upande wa Kwihara

Nchi ya Unyamwezi si nchi ya milima mirefu. Ni uwanda ulioinuka kama mita 1,200 juu ya bahari, na huku na huku vimesimama vilima vya mawe makubwa ya matale. Siku moja ya kiangazi tulitoka Tabora alfajiri, watu saba wa usharika mmoja, ili kupanda kilima kimoja cha upande wa Kwihara na kusali juu yake. Njiani tulikuwa tukiimba. Lakini tulipoanza kupanda, sisi wenye nguvu tulitangulia, tukishindana kuruka juu ya mawe, na hakuna aliyegeuka kutazama nyuma.

Tulipofika juu tulifurahi sana, maana tuliona miembe ya Kwihara, na miti ya miyombo iliyokauka majani mpaka upeo wa macho. Ndipo mmoja akatuhesabu, akasema, “Tu watano.” Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa ametoka katika ugonjwa, hakuwapo, wala kijana aliyekuwa akienda naye. Furaha yetu ikaisha papo hapo. Tukashuka, tukamkuta ameketi kivulini, kijana yuko kando yake. Mzee akatuambia, “Niacheni hapa. Sitaki kuwachelewesha.”

Mimi niliona haya, kwa kuwa juma lile lile nilikuwa nimewafundisha vijana wa kipaimara juu ya kuchukuliana mizigo. Tukamshika mikono, mmoja kuume na mmoja kushoto, tukapanda tena polepole, tukipumzika kila baada ya mawe machache. Alipofika juu alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Nimewashika wengi katika maisha yangu. Leo nimejua ya kuwa kushikwa ni kazi ngumu kuliko kushika.”

2. Njia ya misafara

Chini ya vilima hivi ilipita njia ya zamani itokayo pwani ya Bagamoyo mpaka Ujiji. Wapagazi Wanyamwezi waliipita kwa miguu, kila mtu na mzigo wake, mara nyingi frasila mbili, na kirangozi mbele yao. Kabla ya kufika huku iliwapasa kuivuka milima ya Usagara, na mahali pagumu kuliko pote palikuwa Rubeho.

Mwezi wa Septemba 1857 walifika hapo Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliotoka pwani mwezi wa Juni ili kuyatafuta maziwa ya bara. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, wakaitazama njia ile iliyosimama mbele yao kama ukuta, wakakata tamaa. Burton mwenyewe aliandika ya kuwa Speke alihitaji watu wawili au watatu wa kumshika, na yeye alihitaji mmoja. Walipumzika kila baada ya hatua chache, na baada ya muda wa saa 6 hivi wakafika juu, wakaketi kati ya maua yenye harufu nzuri mpaka pumzi ikawarudia. Tarehe 7 Novemba waliingia Kaze, katika nchi hii ya Unyanyembe, na Februari 1858 wakafika Ziwa Tanganyika. Majina yao yamo katika vitabu vingi. Lakini wale waliowashika mikono Rubeho, ni nani awakumbukaye? Hata hivyo, pasipo mikono ile wasingalifika.

Tena tusifiche jambo hili: katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo, wakipelekwa pwani kuuzwa. Miongoni mwao, aliyeshindwa kutembea mara nyingi aliachwa afe porini, au aliuawa. Njia ni moja, mlima ni mmoja. Tofauti ni hii, mtu dhaifu alihesabiwa kuwa nini.

3. Musa, Haruni na Huri

Sasa tulitazame somo letu. Yoshua alipigana bondeni, na Musa akapanda kilimani. Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, Musa hakupanda peke yake. Haruni na Huri walikwenda naye, nao walikuwa karibu hata wakaona mikono yake inalemewa. Mtu aliye mbali mbele hawezi kuona.

Pili, msaada wao ulikuwa mdogo machoni pa watu. Walileta jiwe akalie, wakaitegemeza mikono yake mpaka jua likachwa. Hawakuchukua nafasi yake. Walimwezesha kuimaliza kazi aliyopewa.

Tatu, Musa alikubali. Mtumishi yule mkuu hakusema, “Niacheni.” Alikalia jiwe, akatoa mikono yake ishikwe. Wako wazee na walimu katika sharika zetu walemewao na ugonjwa, na deni, na huzuni ya nyumbani, nao hunyamaza kwa kuwa waona haya. Ndugu, kunyamaza huko si unyenyekevu sikuzote; pengine ni kiburi kilichovaa nguo ya unyenyekevu.

Lakini kiko kilima kingine, ambako palikuwa na Mmoja asiyetegemezwa mikono na mtu. Simoni Mkirene aliuchukua msalaba njiani, ila juu ya Golgotha mikono ya Mwokozi ilishikwa na misumari tu. Yeye alibaki pale kwa ajili yetu sisi tulioshindwa kupanda. Basi hatumshiki ndugu ili tupate kibali mbele za Mungu. Twamshika kwa kuwa sisi wenyewe tumekwisha kushikwa.

4. Maswali ya kujifunza pamoja

1. Katika usharika wetu, ni nani tuliyemwacha nyuma, wala hatujahesabu bado?
2. Ni “jiwe” gani tuwezalo kumletea juma hili?
3. Je, mimi mwenyewe ninalemewa na jambo gani, nami nimekataa kushikwa?

Mwalimu asimalize somo hili pasipo kutafuta jibu la swali la kwanza pamoja na wanafunzi wake, kisha waende wote wakamtazame mtu yule nyumbani kwake. Bwana aliyetushika atushike mpaka jua litakapokuchwa. Amina.