Kampuni za Simu Zilizotoweka na Haki Zinazobaki kwa Mtumiaji

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji wa huduma za mawasiliano ataweza kutofautisha namna tatu ambazo kampuni ya simu au ya intaneti hutoweka sokoni, na kujua la kufanya katika kila hali ili asipoteze namba, fedha wala kifaa chake.

Utangulizi

Mobitel, Tritel, Buzz, Celtel, Zain, Zantel, Sasatel, Tigo. Msomaji aliyekuwa mtu mzima miaka ya 1990 atayatambua majina haya yote. Kijana wa leo huenda akayatambua mawili au matatu tu. Kila moja lilipata kupakwa rangi kwenye kuta za maduka, likachapwa kwenye miavuli ya wauza vocha na kusikika redioni asubuhi hadi usiku. Leo hakuna duka linalouza laini mpya yenye jina lolote kati ya hayo.

Watu wengi huyakumbuka majina hayo kama jambo moja: kampuni zilizokufa. Kwa mtumiaji, kumbukumbu hiyo haitoshi. Baadhi ya majina yalitoweka na mteja hakupoteza hata senti moja. Mengine yalitoweka pamoja na namba za wateja na manufaa ya simu walizokuwa wamezinunua. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo hili.

Namna ya kwanza: jina hubadilika, mtandao hubaki

Mtandao wa kwanza wa simu za mkononi nchini Tanzania ulianza mwaka 1994 chini ya kampuni ya MIC Tanzania, na wateja waliufahamu kwa jina la Mobitel. Likafuata jina la Buzz, kisha mwaka 2006 Tigo, na mwezi Novemba 2024 Yas. Wamiliki nao walibadilika: mwaka 2022 kampuni ya Millicom iliuza biashara hiyo kwa ubia ulioongozwa na Axian ya Madagaska. Hata hivyo, mteja hakulazimika kununua laini mpya kwa sababu tu bango la duka lilibadilishwa rangi.

Historia ya Airtel inafanana na hiyo. Mtandao huo ulianza nchini mwaka 2001 kwa jina la Celtel, ukaitwa Zain mwaka 2008, na mwaka 2010, baada ya Bharti Airtel ya India kununua mitandao ya Zain barani Afrika, ukachukua jina la sasa. Ndiyo maana wazee wengi bado husema “namba yangu ya Celtel” na wakapatikana kwa namba hiyo hiyo.

Katika namna hii, mkataba wa mteja huendelea. Salio, kifurushi ambacho muda wake haujaisha, fedha zilizomo kwenye akaunti ya simu na namba yenyewe hubaki kuwa mali na haki ya mteja. Jina jipya halimpi mtoa huduma ruhusa ya kufuta ahadi iliyotolewa kwa jina la zamani.

Hatari iliyopo hapa hutoka kwa matapeli. Kipindi cha kubadilisha jina huwa msimu wao wa mavuno: humpigia mteja simu na kumwambia kwamba laini yake “inahamishiwa kwenye mfumo mpya”, kisha humwomba namba ya siri. Mtoa huduma halali hahitaji namba ya siri ya mteja ili kubadilisha jina la kampuni. Anayeiomba, kwa sababu yoyote ile, asipewe.

Namna ya pili: kampuni hununuliwa na kuunganishwa na nyingine

Zantel ilianza Zanzibar mwaka 1999 na baadaye ikavuka bahari kuingia Tanzania Bara. Mwaka 2015 Millicom ilinunua sehemu kubwa ya hisa zake, na hatimaye biashara hiyo ikaunganishwa na ile ya Tigo. Wateja wake waliendelea kutumia namba zao, lakini chini ya mtoa huduma mwingine.

Mfano wa jirani unaeleza jambo hili vizuri zaidi. Nchini Kenya, mtandao wa yu uliingia sokoni mwaka 2008 na kuondoka mwaka 2014. Uliuzwa vipande viwili: Airtel ilichukua wateja, na Safaricom ikachukua minara na mitambo. Mtu aliyelala akiwa mteja wa yu aliamka akiwa mteja wa kampuni ambayo hakuichagua.

Hapo ndipo penye swali la haki. Mteja hauzwi kama samani. Anapohamishwa, anastahili kuarifiwa mapema na kwa lugha anayoielewa: nani anamchukua, lini, kwa bei zipi, na salio lake litakuwaje. Anastahili pia kukataa kwa kuhamia kwingine. Miunganiko mikubwa ya kibiashara nchini hupitiwa na Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kwa sababu kila kampuni inapomezwa, uchaguzi wa mtumiaji hupungua kwa mmoja.

Namna ya tatu: mtandao huzimwa

Hii ndiyo namna inayoumiza. Tritel ilikuwa miongoni mwa mitandao ya mwanzo nchini, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilinyamaza. Haikubadilisha jina, ilitoweka. Sasatel, iliyoendeshwa na kampuni ya Dovetel, iliingia sokoni mwaka 2009 ikitoa huduma za sauti na intaneti isiyotumia waya kwa teknolojia ya CDMA. Nayo haikudumu.

Tuchukue mfano wa mshonaji aliyeandika namba yake ya mtandao wa namna hiyo juu ya mlango wa kibanda chake, akaichapa kwenye risiti na kuwapa wateja wa miaka mitano. Siku mtandao unapozimwa, namba ile hubaki ukutani bila kuita popote. Wateja wanaopiga hawaambiwi kwamba kampuni imefungwa. Wao hudhani kwamba mshonaji amefunga.

Hasara ya pili ni kifaa. Simu na modemu za CDMA hazikubali laini za mitandao ya GSM ambayo wengi wetu huitumia. Vivyo hivyo kwa vifaa vya WiMAX, teknolojia ya intaneti isiyotumia waya iliyopata umaarufu mijini kabla ya kupitwa na 4G: mtandao ukizimwa, kisanduku kilichonunuliwa kwa fedha nyingi hakiwezi kufunguliwa na kutumika kwingine. Aliyelipa kidogo kidogo kwa miezi hubaki na kitu cha kuwekea vumbi.

Vitu vinne vya kuangalia

1. Namba. Tangu tarehe 1 Machi 2017, mtumiaji nchini Tanzania anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba yake. Huduma hii haikuwapo wakati wa Tritel. Ina sharti moja la kimaumbile: namba huhamishwa ikiwa bado hai. Anayesubiri mpaka mtandao uzimwe anaweza kukuta hakuna tena wa kuitoa namba hiyo.

2. Fedha kwenye akaunti ya simu. Fedha hizi si mali ya kampuni ya simu. Kwa utaratibu unaosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, fedha za wateja huwekwa benki katika akaunti ya amana, mbali na fedha za uendeshaji wa kampuni. Kampuni ikitetereka, mteja bado ana dai juu ya fedha zake. Hata hivyo, dai huchukua muda. Ni busara kuzitoa mapema.

3. Salio la muda wa maongezi na vifurushi. Haya ni malipo ya awali ya huduma, na hayana akaunti ya amana nyuma yake. Vilevile, mteja anayehama kwa hiari yake hahami nayo. Yatumike kabla ya kuondoka.

4. Kifaa. Kabla ya kununua modemu au simu inayouzwa kwa bei nafuu na mtoa huduma mmoja, uliza kama itakubali laini ya mtandao mwingine. Jibu la “hapana” lina maana kwamba umri wa kifaa hicho ni umri wa kampuni.

Hatua za kuchukua unaposikia kwamba mtoa huduma wako anaondoka

Kwanza, thibitisha habari hiyo kwenye ofisi ya mtoa huduma au tangazo la Mamlaka, wala si kwa ujumbe uliosambazwa na watu. Pili, toa fedha zako, lipa deni kama lipo, na utumie salio. Tatu, omba kuhama na namba yako ukiwa na kitambulisho ulichosajilia laini. Nne, orodhesha kila mahali ulipoiandikisha namba hiyo: benki, shule ya mtoto, kliniki, kikundi cha kuweka na kukopa. Ikiwa namba itapotea, badilisha taarifa zako huko mara moja, kwa kuwa namba iliyoachwa inaweza kugawiwa mtu mwingine, na ujumbe wa benki yako ukaenda kwake. Tano, piga *106# ili uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na uombe kufutwa kwa zile usizozitambua.

Ikiwa umedhulumiwa, anza kwa kuwasilisha lalamiko lako kwa mtoa huduma na utunze kumbukumbu ya tarehe na majibu. Usiporidhika, lilete kwa Mamlaka. Lalamiko lililoletwa wakati kampuni bado ina ofisi na leseni lina nguvu kuliko lile linaloletwa baada ya milango kufungwa. Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mteja wa Celtel hakupoteza namba yake mwaka 2008 wala 2010?
2. Eleza tofauti kati ya fedha kwenye akaunti ya simu na salio la muda wa maongezi pale kampuni inapofungwa.
3. Mshonaji katika mfano wetu angefanya nini leo ili namba iliyo juu ya mlango wake iendelee kuita?
4. Taja sehemu tatu ambako namba yako ya simu imeandikishwa. Je, ungezifikia zote ndani ya wiki moja?