Mafuta ya taa si dawa ya kupe

SWALI: Mume wangu ni mrina asali huku Sikonge. Kila akitoka porini namkuta na kupe, wengine wadogo hata hawaonekani vizuri. Mama mkwe huwapaka mafuta ya taa ili wadondoke. Safari iliyopita alishikwa na homa, akatokwa na kidonda cheusi mguuni, lakini kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Je, ni kupe hao? Na afanye nini kabla hajarudi porini?
Mke wa mrina asali, Sikonge

JIBU: Siwezi kumthibitishia ugonjwa mtu nisiyemwona. Hata hivyo homa, kichwa kuuma, tezi za kinena kuvimba na kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, vikija siku chache baada ya kutoka porini, ndizo dalili za homa inayoenezwa na kupe. Bakteria wake huitwa Rickettsia africae, na huku kwetu hubebwa na kupe wenye madoa wanaoganda kwenye ng'ombe na wanyamapori. Mara nyingi homa huanza kama wiki moja baada ya kuumwa. Kipimo cha malaria hakikukosea: kinatafuta malaria tu. Mumeo akipata homa tena, amwambie mganga wa zamu, hata kabla ya kuulizwa, kwamba alikuwa porini na aliumwa na kupe. Kwa kawaida ugonjwa huu hutibiwa kwa doksisaiklini na mgonjwa hupata nafuu haraka. Msijinunulie wenyewe dukani, kwa sababu mjamzito na mtoto huhitaji uangalizi wa pekee.

Mafuta ya taa acheni, na kiberiti pia. Kupe akisumbuliwa hivyo anaweza kutema mate na majimaji ya tumboni ndani ya jeraha, na vijidudu hukaa humo. Mng'oeni kwa kibano chenye ncha nyembamba. Mshike karibu kabisa na ngozi, mvute polepole kwenda juu bila kumzungusha. Kama hakuna kibano, funika vidole kwa kitambaa au nailoni. Kipande cha mdomo kikibaki, msichokonoe. Ngozi itakitoa yenyewe. Oshea sabuni na maji, kisha paka spiriti. Msimpasue kupe kwa kucha: mtumbukizeni kwenye spiriti au motoni.

Sasa kujikinga. Kupe hana mbawa na haruki. Wachanga, wenye ukubwa wa punje ya ufuta au chini ya hapo, hupanda kwenye jani la nyasi na kunyoosha miguu ya mbele wakimsubiri apitaye. Wakubwa wenye madoa hufuata harufu ya pumzi na kutambaa ardhini hadi kwa aliyepumzika. Kwa hiyo avae suruali ndefu ya rangi nyepesi, aichomeke ndani ya soksi au gambuti, na shati alichomeke ndani ya suruali. Akipumzika asilale nyasini wala mahali wanyama wanapolala. Akalie dumu, mahali palipofyekwa. Dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET hupakwa kwenye ngozi iliyo wazi. Yenye permethrini hupuliziwa kwenye nguo tu, zikauke ndipo zivaliwe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe asijipake kamwe. Ni sumu, na baadhi yake hupenya kwenye ngozi.

Kambini asilale chini. Kwenye nyufa na vumbi la vibanda vya udongo vya zamani hukaa papasi, jamii ya kupe ambao huuma usiku na kuondoka kabla hujaamka. Hawa huleta homa inayopoa kisha kurudi, na vijidudu vyake huonekana kwa hadubini kwenye tone la damu. Kitanda cha miti kilichoinuliwa na neti iliyochomekwa vizuri humsaidia.

Kazi kubwa, mama, ni yako siku anaporudi, kwa sababu kupe wa porini huzunguka mwilini kwanza kabla ya kuganda, na kadiri anavyowahi kutolewa ndivyo hatari inavyopungua. Aoge siku hiyo hiyo, kisha mkague penye mwanga: nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, kitovuni, kiunoni, kinenani, nyuma ya magoti na katikati ya vidole vya miguu. Nguo zisiingie chumbani. Maji baridi hayaui kupe. Zichemshe au zipige pasi ya moto.

Kwa wiki mbili baada ya hapo, homa yoyote impeleke kituo cha afya. Akianza kutoka damu puani au kwenye fizi, kuchanganyikiwa, au shingo kukakamaa, msingoje kesho, na msiguse damu wala matapishi yake kwa mikono mitupu.