Kutoka Malindi kwa Ndege: Hesabu Safari Kuanzia Mlangoni Kwako

Tiketi hukuambia ndege inapaa saa ngapi na kutua saa ngapi. Safari yako itachukua muda gani, hilo utalipiga hesabu mwenyewe.

Anza na umbali wa angani. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Malindi iko digrii 3.2 kusini mwa ikweta, Jeddah 21.7 kaskazini, na kwenye ramani miji hii karibu inanyookeana. Jumlisha upate 24.9, zidisha kwa 111: karibu kilomita 2,760. Mji uliokaa mshazari, kama Dubai, iachie simu ikupimie. Kisha gawanya kwa 800, mwendo wa jeti kwa saa, uongeze nusu saa ya kupaa na kutua. Jeddah ni saa nne hivi. Dubai, yenye kilomita 3,570, saa tano.

Ila Malindi haina jeti ya Dubai. Ndege ya hapa itakupeleka Nairobi, kilomita 410, kama saa moja. Na ukifika, Dubai bado iko mbali vilevile kama ulipokuwa Malindi. Umeruka bure! Ndiyo maana napendelea Mombasa, ambako flydubai ilianza kutua Januari 2024. Kwa barabara ni kilomita 120, nusu yake kwa mtu wa Kilifi mjini. Lakini kilomita hizo usizigawe kwa mwendo wa gari, kwani foleni za Mtwapa, daraja la Nyali na Changamwe zina hesabu yake. Ukitoka Malindi tenga saa tatu na nusu, na jioni uongeze.

Ukilazimika kupitia Nairobi, uliza ndege yako inatua Wilson au JKIA, maana kutoka kiwanja kimoja hadi kingine ni safari nyingine ya barabara. Na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni hatari: ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji.

Sasa saa zenyewe. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, Jeddah tuko sawa. Kwa hiyo kupaa Mombasa 22:00 na kutua Dubai 04:00 ni saa tano, si sita.

Kinachowaponza wengi ni tarehe. Tiketi ikisema Ijumaa 01:30, hiyo ni saa saba na nusu, usiku wa kuamkia Ijumaa. Anayejitokeza Ijumaa usiku atakuta ndege ilishaondoka usiku uliotangulia. Rudi nyuma: uwanjani ufike saa tatu kabla, yaani Alhamisi saa nne na nusu usiku. Malindi utoke saa moja. Mimi ningetoka saa kumi na mbili jioni, na dereva awe ameshatia mafuta tangu mchana.