Kabla ya Kufunga Jalada: Mwongozo kwa Msimamizi Baada ya Kazi Kuharibika

Mwongozo huu ni wa mtu anayesimamia watu na mali: mkuu wa kitengo, mhandisi wa wilaya, meneja wa ghala, katibu wa chama cha ushirika, msimamizi wa zamu kiwandani. Unahusu siku chache zinazofuata baada ya kazi kuharibika, moto ukishazimwa na majeruhi wakishafikishwa hospitali, wakati kila mtu anatamani jambo lile lipite upesi.

Ofisi nyingi zina desturi moja katika siku hizo. Mtumishi aliyekuwa karibu na tukio huandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza. Hujieleza ndani ya siku saba, kwa lugha ya kujikinga, barua ikaingia kwenye jalada lake binafsi, naye akaonywa au akahamishwa. Kisha mkubwa mmoja hufunga kikao kwa kusema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo inafaa sana msibani na kwenye usuluhishi wa ndoa. Kazini ina hasara, kwa sababu mganga asiyeuliza ndwele ilianzaje hana atakachokiganga.

Mimi nilifundishwa na pampu. Katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi, pampu ya kisima cha kijiji iliungua mwezi wa Oktoba. Ikanunuliwa nyingine. Baada ya miaka miwili, Oktoba tena, nayo ikaungua. Mlinzi wa pampu alipewa onyo mara zote mbili. Aliyetufumbua macho ni fundi wa kuitwa: mwishoni mwa kiangazi maji ya kisima hushuka, mota ikazunguka kavu, na mota inayopozwa na maji haistahimili kuzunguka kavu. Kwamba maji hushuka, mlinzi alilijua siku zote. Hakuna aliyemwuliza. Yeye aliulizwa tu kwa nini ameacha pampu iungue.

Somo la Kongwa

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hilohilo uko Kongwa, mkoani Dodoma, na kila msimamizi wa mradi angefaa kuujua vizuri kama anavyojua kanuni za manunuzi.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na wananchi wake waliyapata kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, kiongozi wa kampuni ya United Africa Company, aliipendekezea serikali yake kwamba karanga zilimwe kwa mitambo, kwa eneo kubwa, Afrika Mashariki. Serikali ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ujumbe ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya ardhi ukiitazama kutoka kwenye ndege, ukarudi na pendekezo la kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya karibu pauni milioni 25. Shamba la majaribio halikuwepo.

Kazi ilianza mwaka 1947. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya vita, mengine yakitoka mbali kama Ufilipino, yakafika yakiwa yamechoka. Mibuyu iliwashinda nguvu. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kuandaa ekari 150,000. Zilizokuwa tayari hazikufika 10,000. Ila mashine sizo zilizoua mradi. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao mvua ikikatika hukauka ukawa mgumu kama sakafu, na chembe zake za mchanga hula vyuma vya majembe. Mtu yeyote aliyewahi kung'oa karanga anajua maana yake: karanga hukomaa ardhini. Ukipanda wakati udongo umelainika, mimea itapendeza macho, na siku ya kuvuna utakuwa na zao lililofungiwa chini ya sakafu. Juu ya hayo, mvua zenyewe hazikuja kama zilivyoandikwa kwenye hesabu. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliachana na mpango huo, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Habari hizi mtu huzisoma akicheka, na hapo ndipo anapopoteza faida yake. Waliopanga mradi hawakuwa wajinga. Nchi yao ilikuwa na njaa ya mafuta, wengi wa wafanyakazi wao walikuwa askari waliotoka kushinda vita kwa nguvu ya mitambo na usafirishaji, na kila mtu aliona kwamba kungoja msimu mmoja wa majaribio ni anasa. Vaa viatu vyao kwanza. Ukishaona jinsi ambavyo wewe mwenyewe ungetia sahihi, basi sasa unaweza kujifunza.

Tena taarifa hazikukosekana. Wagogo, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa wafugaji na wakulima wa uwele na mtama, mazao ya watu wanaojua kwamba mvua inaweza kuwageuka. Walikuwa hata na jina la njaa, Mtunya, iliyowapiga kati ya mwaka 1917 na 1920, vita na ukame viliposhikana mikono. Jamii inayoipa njaa jina imeshakuandikia ripoti ya hali ya hewa. Mpango wa Kongwa haukuwa na safu ya kuingizia taarifa ya namna hiyo, kwa kuwa haikuwa na namba wala mhuri.

Namna ya kuuliza

Ndani ya siku mbili baada ya tukio, kabla watu hawajakubaliana cha kusema, andika mlolongo wa mambo kwa saa na tarehe. Usitie maoni. “Saa 4:10 asubuhi bomba lilipasuka” inatosha. “Kwa uzembe wa zamu ya usiku” ingoje. Mlolongo uanze nyuma kuliko unavyofikiri. Katika Kongwa ukianza na trekta lililoharibika mwaka 1947 utamlaumu dereva. Ukianza na zile wiki tisa za mwaka 1946 utaona kitu kingine.

Kisha kaa na waliokuwepo, mmoja mmoja, ukianza na wa chini. Mpangilio huu ni muhimu kuliko unavyoonekana: mkuu akishazungumza mbele ya wenzake, walio chini yake watairudia hadithi yake kwa adabu. Dereva, mpishi, mlinzi na mfagizi waulizwe mahali pao pa kazi, wakiwa wameshika vyombo vyao, badala ya kuitwa ofisini ambako mtu hukaa ukingoni mwa kiti. Mzee wa eneo naye atafutwe nyumbani kwake kwa heshima inayomstahili. Usimtumie mtu na karatasi ya maswali.

Swali lenye faida kuliko yote ni hili: kabla ya tukio, nani alikuwa anajua, na alichokijua kiliishia wapi? Lifuatilie hadi mwisho. Fundi alimwambia msimamizi wa zamu. Msimamizi alilitaja kwenye kikao cha Jumatatu. Muhtasari wa kikao ukaandika “hali ni shwari”. Sasa unajua palipozibika. Mara nyingi si mtu, ni fomu isiyo na nafasi, au bosi anayeitikia kila habari mbaya kwa kukunja uso.

La pili, tafuta dalili iliyopita machoni pa watu wote. Lengo la ekari 150,000 linapotoa chini ya 10,000, hiyo si habari ya kuchelewa tu. Ni habari kwamba hesabu ya mwanzo ilikosea. Kongwa walipunguza malengo na kuendelea mbele, miaka mitatu zaidi. Katika kitengo chako weka mapema, kwa maandishi, kiwango ambacho kazi ikishuka chini yake lazima isimame ijadiliwe upya. Kiwango hicho kiwekwe wakati watu bado wana utulivu. Fedha zikishaanza kutoka, kila mtu huona aibu kusema tusimame, na aibu hiyo ina gharama kubwa kuliko mitambo.

Suala la nidhamu lina njia yake. Ukikuta wizi, rushwa au mtu aliyekuwa amelewa kazini, lipeleke kwenye mamlaka inayohusika na usilichanganye na uchunguzi huu. Lakini waambie wafanyakazi tangu mwanzo ni yapi yatakayopelekwa huko na ni yapi yatabaki mezani kama somo, na neno lako lisivunjike. Ukilivunja mara moja tu, miaka mitano ijayo utaletewa barua za kujikinga.

Marekebisho yasiwe ya pupa

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba na watu wengi kupita uwezo wake, ilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza. Ilibaki ikielea kifudifudi, na ndani yake watu walisikika wakigonga. Waokoaji wakatoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka kwenye tundu hilo, meli ikazama. Siandiki haya kuwahukumu waliokuwa na mashine ya kukatia mikononi. Ni nani angeweza kusikia mlio ule akakaa? Nayaandika kwa sababu msimamizi aliyeharibikiwa husukumwa na huruma na aibu kwa pamoja, akatoa amri ya kwanza inayomjia. Kabla ya kukata, uliza kinachokifanya kitu kilichobaki kisizame ni nini. Ukisimamisha kazi mpishi pekee anayejua boila ya zamani, kesho boila itawashwa na nani?

Hadhari nyingine ni kujifunza somo lisilo lenyewe. Kuna wanaoitaja Kongwa kama ushahidi kwamba Dodoma haifai kwa karanga. Wakulima wadogo wa mkoa huo wanalima karanga hadi leo, kwa jembe la mkono na la ng'ombe, wakichagua vipande vya udongo vinavyozikubali, wala hawategemei zao hilo peke yake. Sehemu ya ardhi ya Kongwa imekuwa ranchi ya ng'ombe. Kilichoshindwa pale ni ukubwa na haraka. Basi ukimaliza uchunguzi, andika sentensi ya somo, halafu mpe mtu asiyependa maoni yako aijaribu: je, kuna mahali kitu hichohicho kilifanyika na hakikuharibika? Kama papo, sentensi yako bado haijaiva.

Somo liwekwe wapi

Tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa lilelile la Victoria, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu MV Bukoba, na hakuna mtu mzima wa kanda ile asiyekuwa na habari zake. Kujua hakukutosha. Somo likikaa katika majonzi ya watu na kwenye kabati la ripoti, halimzuii mkata tiketi kuuza tiketi inayofuata siku ya gulio.

Kwa hiyo usiridhike na ripoti. Kila somo lihamie ndani ya chombo kinachoshikwa kila siku: tiketi zinazokwisha idadi ikifika, fomu ambayo haiwezi kutiwa sahihi bila kipimo cha udongo, mstari wa bajeti wenye fedha za majaribio, kibao ukutani, swichi inayojizima. Kwenye kile kisima chetu ripoti yangu ya kurasa nane haikusaidia chochote. Kilichosaidia ni kifaa cha kuzima mota maji yakishuka, pamoja na mstari wa rangi nyekundu ambao mlinzi aliuchora mwenyewe kwenye daftari lake la zamu kila ilipoingia Septemba.

Hoja za ukaguzi nazo ni hazina inayotupwa. Ofisi hujibu hoja ya mkaguzi ili ifungwe, basi. Chukua hoja za miaka mitano ya kitengo chako, uzipange kwa aina badala ya mwaka. Zinazojirudia utaziona kabla chai haijapoa.

Sehemu iliyobaki ni makabidhiano, nayo ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Hati ya makabidhiano huorodhesha viti, kompyuta, funguo na namba za gari. Iongezee ukurasa wa yaliyoharibika, uliosainiwa na anayeondoka na anayeingia, nao watembee pamoja kwenye eneo la kazi nusu siku nzima, mlinzi na fundi wakiwa nao. Anayeondoka aulizwe ni kitu gani kiliwahi kumharibikia hapa ambacho hakimo kwenye jalada lolote. Akijibu kwamba hakuna, mwongeze chai, mkae tena.