Picha Uliyoikata Bado Ipo

Mlezi wa chama ameniomba niwafunze wenzangu namna ya kuweka picha katika slaidi, maana tangu tuanze kutumia projekta katika mikutano yetu, baadhi ya picha huwachekesha watu pasipo mwenyewe kukusudia. Nimekubali, ingawa aliyechekesha kuliko wote ni mimi, kama utakavyosoma.

Tuanze na yaliyo mepesi. Washa tarakilishi (mtaani tunasema kompyuta tu) na ufungue PowerPoint, programu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1987. Bonyeza neno "Insert" lililo juu, kisha "Pictures", uchague picha yako kwenye flashi. Picha ikishatua utaona vidoti pembeni mwake. Ukitaka kuikuza au kuipunguza, vuta kidoti cha kona. Ukivuta cha ubavuni, mtu atanenepa kama pipa ama akonde kama ufito. Na picha ikifunika maandishi yako, bonyeza juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Send to Back", nayo itarudi nyuma.

Hayo kila mtu huyajua baada ya wiki moja. Shida iko kwenye kukata.

Nilikuwa nimeandaa wasilisho kuhusu mgao wa maji mtaani kwetu Kayole. Bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, ndilo linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, lakini kwetu mfereji hukauka siku kadhaa, tukaamka kupiga foleni. Alfajiri moja nikachukua simu ya mjomba nikapiga picha: mitungi ya manjano, zaidi ya hamsini, imejipanga kama askari wa gwaride. Picha ilitoka safi ajabu! Ila upande wa kulia alikuwa mamangu, ameketi juu ya mtungi wake, leso mabegani, amesinzia mdomo wazi.

Nikasema moyoni, huyu asionekane. Nikaibonyeza picha, nikaenda "Picture Format", kisha "Crop". Vikatokea vipau vyeusi kandokando ya picha. Nikakisukuma cha kulia polepole hadi mama akatoweka. Nikapumua.

Siku za mwizi ni arubaini, zangu hazikufika hata tatu. Nilimpa mwenzangu flashi anisahihishie hijai. Yeye kwa udadisi wake akabonyeza "Crop", akavuta kipau, na mama huyo! Akawaita wengine waje waone. Walicheka mpaka kengele ikalia, nami nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kumbe kukata huku si kwa makasi. Ni kama kukunja gazeti: sehemu iliyokunjwa ipo, na mwenye mikono aweza kuikunjua. Ukitaka iondoke kabisa, ibonyeze picha, rudi "Picture Format", tafuta "Compress Pictures", uhakikishe pana tiki penye "Delete cropped areas of pictures". Chini yake chagua 150, kipimo kinachotosha projekta. Bonyeza "OK", kisha hifadhi faili. Faida nyingine ni kwamba faili itakuwa nyepesi, isikwame mbele ya watu. Lakini weka nakala ya picha ya kwanza mahali pengine, kwa kuwa ukishafunga faili, kilichofutwa hakirudi.

Usidhani ni jambo la vicheko tu. Fikiria umekata namba ya kitambulisho cha babako, au sura ya mtu, kisha ukatuma faili kwa darasa zima. Hapa Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na sura ya mtu anayetambulika ni data yake. Akiwa mtoto, mzazi wake ndiye wa kuulizwa.

Jioni ile nilimweleza mama yote. Nilingoja makofi. Akasema tu, "Hebu nione." Nikamfungulia faili, nikakivuta kile kipau hadi mwisho. Akaitazama kitambo.

"Kwani ulinikata kwa nini? Si nilikuwa nimechoka?"

Sikuwa na jibu.

"Na huyu mtoto aliye ukingoni, umemwuliza mamake?"

Wallahi sikuwa nimemwona. Nikavaa champali nikaenda kubisha kwa jirani. Jirani akakataa katakata, na ni haki yake. Mama yeye alikubali abaki, mradi niandike saa chini ya picha. Basi nikakata ule ukingo wa mtoto, nikatia tiki, nikahifadhi. Chini nikaandika: saa kumi na moja alfajiri.

Flashi iko kwa mlezi wa chama. Anayetaka kukunjua na ajaribu.